Kinyago cha Darth Vader kwenye tosta: biashara ya vituko vya Star Wars inavyofanya kazi

Mwaka 2024 mwanasesere mmoja wa plastiki, mwenye urefu wa takriban sentimita 9.5, aliuzwa mnadani Marekani kwa dola 525,000. Alikuwa Boba Fett, mwindaji wa kukodiwa katika sinema za Star Wars. Tangu habari hiyo ienee, kila anayekuta Darth Vader wa plastiki chini ya boksi la vitu vya watoto anauliza kama ameokota utajiri. Wengine wanauliza la upande wa pili: kwa nini Vader, jitu katili la sinema hizo, yuko kwenye soksi, vikombe na tosta? Nani anaruhusu? Na ile fulana ya Vader ya mtumbani, ni halali au ni feki?

Maswali haya yana jibu moja. Katika biashara hii plastiki yenyewe haina thamani kubwa. Kinachouzwa ni ruhusa ya kutumia sura ya mhusika, na bei ya kitu baadaye inategemea kilitoka kiwandani lini, katika umbo gani, na vingapi vilibaki. Ukilishika hilo, hata vituko vya ajabu kabisa vinaanza kueleweka.

Kwanza maneno machache. Hakimiliki ni haki ya aliyebuni kazi, kama sinema, mchoro au muziki, kuzuia wengine wasiinakili. Alama ya biashara ni jina au nembo inayomwambia mnunuzi bidhaa imetoka kwa nani; "Star Wars" yenyewe ni alama ya biashara. Leseni ni ruhusa ya maandishi ya kutumia vitu hivyo kwa muda fulani, katika nchi fulani, kwa aina fulani ya bidhaa. Mrabaha ni sehemu ya mauzo inayorudi kwa mwenye haki. Ni kama shamba la kukodi: mkulima analima na kuuza, mwenye shamba anachukua fungu lake la mavuno, na hati inabaki kwake. Kiwanda cha tosta hakimmiliki Vader. Kimemkodi, tena kwa tosta tu, na kesho kikitaka kutoa mataulo kitalazimika kurudi mezani kwa leseni nyingine.

Mkataba uliobadilisha kila kitu

Star Wars ya kwanza ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Mei 1977. Kabla ya hapo, George Lucas alikubali kulipwa dola 150,000 kama mwongozaji badala ya kudai malipo makubwa zaidi, lakini akajihakikishia haki za muendelezo na za bidhaa. Studio ya 20th Century Fox haikuona hasara katika mpango huo. Enzi zile vitu vya kuchezea vya sinema vilikuwa biashara ndogo: sinema inatoka, inaisha baada ya wiki chache, na vitu vinabaki dukani vikipata vumbi.

Hapa pana uzushi unaopaswa kusahihishwa. Watu hupenda kusema Lucas aliona mabilioni mbele yake. Ukweli ni wa kawaida zaidi. Alitaka mabango na fulana za kuitangaza sinema yake, kwa kuwa aliogopa studio haitaitangaza ipasavyo. Hakuna aliyetarajia yaliyofuata, na hata kampuni iliyopewa leseni ya vitu vya kuchezea haikuwa tayari.

Kampuni hiyo ilikuwa Kenner, ya Cincinnati katika jimbo la Ohio, iliyokuwa chini ya General Mills, wale wa nafaka za kifungua kinywa. Kutengeneza mwanasesere wa plastiki si kazi ya wiki mbili. Mchongaji anatengeneza umbo la mfano, mafundi wanachonga kalibu ya chuma, kalibu inajaribiwa, rangi zinakubaliwa, kisha mzigo unasafiri kwa meli kutoka Hong Kong. Sinema ilipolipuka mwezi Mei, Krismasi ya mwaka uleule ilikuwa imeshawapita.

Wakafanya jambo ambalo hadi leo linawashangaza wafanyabiashara: wakauza bahasha. Ndani yake mlikuwa na kadibodi yenye picha za wahusika, stika, kadi ya uanachama, na cheti cha kujaza na kutuma kwa posta. Mtoto akifungua zawadi yake Krismasi ya 1977 alikuta ahadi. Wanasesere wanne walifika kwa posta mwaka 1978: Luke Skywalker, Binti Mfalme Leia, Chewbacca na R2-D2. Ndiyo, Vader hakuwamo katika wanne wa kwanza. Alikuja madukani na kundi lililofuata. Mwaka 1978 Kenner waliuza zaidi ya vipande milioni 40.

Kuna uamuzi mmoja wa kiufundi uliosaidia sana, nao huzungumzwa kidogo mno. Wanasesere wengi maarufu wa wakati ule walikuwa na urefu wa kama sentimita 20 hadi 30. Ukitengeneza rubani wa sentimita 30, chombo chake cha anga kitakuwa kikubwa kuliko kitanda cha mtoto. Kenner wakapunguza hadi inchi 3.75, ile sentimita 9.5. Ghafla chombo kiliingia kwenye boksi, boksi likaingia dukani, na mzazi aliyenunua mwanasesere mmoja akaombwa wengine kumi na mmoja pamoja na chombo.

Kisa cha bahasha kilijirudia miaka 42 baadaye, safari hii kwa makusudi. Tarehe 12 Novemba 2019 kipindi cha The Mandalorian kilimtoa Grogu, yule mtoto wa kijani mwenye masikio makubwa ambaye dunia ilimwita Baby Yoda kabla ya kujua jina lake. Bidhaa zilikuwa zimezuiwa ili siri isivuje, maana picha moja ya kiwandani ingeharibu mshangao wote. Wiki chache kabla ya Krismasi watu walitaka mdoli, na madukani hakukuwa na kitu zaidi ya fulana na vikombe. Wafumaji wa nyumbani wakaziba pengo kwa uzi na sindano, wakauza mtandaoni, na mwanzoni mwa 2020 matangazo yao mengi yakaondolewa kwa madai ya hakimiliki. Wengi waliona ni uonevu. Kisheria lakini mdoli wa kufumwa kwa mkono na mdoli wa kiwandani wanapimwa kwa kipimo kilekile: umeuza sura ya mhusika ambaye si wako.

Kwa nini Vader, na kwa nini vichekesho

Vader ana faida ambayo Luke na Leia hawana: hana uso. Mwanasesere wa Luke asipofanana na mwigizaji, mnunuzi analalamika. Vader ni kinyago cheusi tu, na umbo lake linatambulika hata likiwa kivuli ukutani. Unaweza kulifupisha, kulinenepesha au kulibandika kwenye kikombe, na mtu aliye ng'ambo ya barabara bado atajua ni nani. Sauti yake nayo ni hivyohivyo. Ule mvumo wa kupumua ulirekodiwa na fundi wa sauti Ben Burtt kwa kuweka maikrofoni ndogo ndani ya kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi, na leo umo ndani ya saa za kengele na vishikizo vya funguo.

Sababu ya pili ni utisho wenyewe. Kitu cha kutisha kikifanya kazi ya nyumbani kinachekesha. Mwaka 2005 Hasbro, waliokuwa wameirithi Kenner, walitoa Darth Tater: kiazi cha plastiki chenye macho na mikono ya kuchomoa, kilichovishwa joho jeusi na kofia ya Vader, mkononi kimeshika upanga wa mwanga. Hiki hakikuwa kituko cha mtu wa kando. Mr. Potato Head, mdoli wa kiazi, ilikuwa mali ya Hasbro, leseni ya Star Wars wanayo, na kalibu ya kiazi ilikuwepo tangu zamani. Kilichobaki ni kutengeneza nguo. Vituko vingi vya leseni huzaliwa namna hii, bidhaa iliyopo ikavishwa mhusika kwa gharama ndogo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote haumhusu Vader. Tarehe 1 Aprili 2009, Siku ya Wajinga, duka la mtandaoni la Marekani liitwalo ThinkGeek lilitangaza mfuko wa kulalia wenye umbo la tauntaun, yule mnyama wa theluji anayepasuliwa tumbo katika sinema ya 1980 ili Luke aliyezimia aingizwe ndani asife kwa baridi. Mfuko ulikuwa na kichwa cha mnyama kama mto, zipu yenye kishikizo cha umbo la upanga wa mwanga, na bitana iliyochapwa picha ya utumbo. Ulikuwa utani mtupu, bidhaa haikuwepo. Lakini watu waliandika kwa wingi wakitaka kuununua, duka likaomba leseni kwa Lucasfilm, kampuni ya Lucas, likaipata, na mwaka huohuo mfuko ukauzwa kweli. Nawaheshimu waliobuni ile bitana. Wangeweza kuweka kitambaa cha kawaida na mfuko ungeuzika, ila utumbo ndio unaoonyesha kwamba aliyeutengeneza anaijua sinema.

Sasa tosta, kwa sababu hapa watu wa kwetu huumia. Tosta ya Vader ina umbo la kofia yake, na mkate ukitoka unakuwa na maandishi ya Star Wars. Hakuna uchawi. Kati ya waya za moto na mkate kuna bamba la chuma lililokatwa. Palipozibwa na chuma joto halifiki vizuri, mkate unabaki mweupe. Palipo wazi unakauka na kuwa kahawia. Picha ikitoka hafifu, kosa huwa ni la mkate: ulio mbichi sana unatoa mvuke na kufifisha kingo, mkate mtamu unaungua wote kabla herufi hazijatokea, na kipande kinene kinainama na kuwa mbali na bamba. Tumia mkate wa sandwichi wa jana, vipande sawa, na uweke kitufe katikati.

Tatizo kubwa ni umeme. Tosta iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ni ya volti 120, na umeme wa Kenya, Tanzania na Uganda ni wa volti 230 hadi 240. Waya ya moto ikipewa volti mara mbili, nguvu yake inapanda mara nne. Tosta ya wati 800 inajaribu kuvuta wati 3,200, na plagi ya ampea 13 kwenye volti 240 ina mwisho wa wati 3,120. Bahati ikiwa kwako fyuzi itakatika. Isipokatika, waya zitakatika zenyewe ndani ya sekunde, au mkate utawaka. Adapta ya safari, ile ya kubadilisha miguu ya plagi, haibadilishi volti hata kidogo. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo usiopungua wati 1,000, ambayo inaweza kukugharimu kuliko tosta yenyewe. Kabla ya kulipa, omba picha ya kibandiko cha chini ya tosta. Kikiandikwa 220–240V, endelea.

Kofia, na nani ana haki ya kuitengeneza

Mchoraji Ralph McQuarrie ndiye aliyempa Vader kinyago, akiwaza kwamba mtu anayevuka kutoka chombo hadi chombo angani anahitaji kifaa cha kupumulia. Mbunifu wa mavazi John Mollo alikusanya suti ya ngozi, joho na kofia yenye asili ya kijeshi, na Brian Muir akakichonga kinyago kwa udongo wa mfinyanzi. Kwa kuwa kilichongwa kwa mkono, pande zake mbili hazilingani: ukikitazama mbele kwa makini, shavu moja halifanani na lingine. Tena katika sinema ya kwanza hakikuwa cheusi kitupu; sehemu zake zilipakwa kijivu cha bunduki zikipishana na nyeusi ya kung'aa. Kinyago cha sinema ya 2005 ndicho kilichosawazishwa pande zote. Kwa hiyo ukiona kofia inayouzwa kama "nakala halisi ya 1977" na pande zake zinalingana kabisa, muuzaji amekosea mwaka au anakudanganya.

Kuhusu haki, kesi inayosimuliwa vibaya kila mahali ni ya Uingereza. Andrew Ainsworth alitengeneza kofia nyeupe za askari wa Stormtrooper kwa ajili ya sinema ya kwanza, na baadaye akaanza kuuza nakala kutoka kwenye kalibu zake. Lucasfilm walimshtaki Marekani, na mwaka 2006 mahakama huko ikaamuru awalipe dola milioni 20. Kesi ikahamia Uingereza, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kofia ile si sanaa ya uchongaji kwa mujibu wa sheria yao, bali ni kifaa kilichokuwa na kazi yake ndani ya sinema. Ulinzi wa kifaa cha namna hiyo ni wa muda mfupi, na muda wake ulikuwa umekwisha.

Watu wakaruka na hitimisho kwamba kofia za Star Wars ni mali ya umma. Sivyo. Uamuzi ulihusu sheria ya Uingereza. Mahakama hiyohiyo ilisema kwamba inaweza kusikiliza madai ya kukiukwa kwa hakimiliki ya Marekani, kwa hiyo kofia alizopeleka Marekani zilibaki kosa. Na alama ya biashara haikuguswa: hata ukiruhusiwa kutengeneza umbo, jina la Star Wars kwenye boksi ni jambo jingine. Afrika Mashariki pia zipo sheria dhidi ya bidhaa bandia. Kenya ina sheria maalumu ya mwaka 2008 na mamlaka yake, na Tanzania kazi hiyo hufanywa na Tume ya Ushindani.

Kujitengenezea ya kuvaa mwenyewe ni habari tofauti na kuuza. Tangu 1997 lipo kundi la wapenzi liitwalo 501st Legion, lililoanzia South Carolina, ambalo wanachama wake huvaa mavazi ya askari wa Vader na Vader mwenyewe. Lucasfilm wanalikubali, na sharti linalolishikilia ni kwamba mavazi hayatumiki kutengenezea faida binafsi. Wakialikwa, malipo huenda kwenye hisani. Viwango vyao ni vikali hadi kwenye idadi ya vitufe vya kisanduku cha kifuani.

Kwa anayetaka kuanza bila pesa nyingi, karatasi za EVA, plastiki laini ya kutengenezea soli za kandambili, zinatosha. Kumbuka kofia ya Vader ni vipande viwili, kinyago cha uso na kuba linalokaa juu yake. Ukivitengeneza kama kitu kimoja hutaweza kukivaa. Unene wa milimita 5 au 6 unafaa kwa vyote viwili. Kuba hulazwa kwa vipande vyenye umbo la jani vinavyokutana utosini. Gundi ni ile ya mafundi viatu: paka pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo ubane, na ubane mara moja tu kwa kuwa haitarudi. Uingizaji hewa uwe mzuri, maana mvuke wake unalevya.

Wengi huharibu kwenye rangi. Plastiki hii ina vitundu, inafyonza rangi ya dawa na kuacha weusi uliofifia badala ya mng'aro. Pitisha kwanza hewa moto mpaka uso ujifunge na uanze kung'aa kidogo, kisha paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, tabaka nne au tano, kila moja ikauke na isuguliwe kwa msasa laini. Hapo ndipo rangi nyeusi ya kung'aa itakaa. Usiikunje kofia baada ya hapo, itapasuka nyufa. Ndani utakutana na adui wa mwisho, pumzi yako mwenyewe: vioo vya macho vinaingia ukungu ndani ya dakika chache, na katika joto la Mombasa au Dar es Salaam hutaona kitu. Feni ndogo ya volti 5 inayotumia pawabenki, ikielekezwa kwenye vioo na wala si usoni, ndiyo suluhisho. Toboa matundu chini ya kidevu hewa itoke, na ivue kofia kila baada ya dakika 20.

Vader ametoka hata nje ya biashara. Kwenye mnara wa kaskazini-magharibi wa Kanisa Kuu la Kitaifa mjini Washington kuna kichwa chake cha jiwe, kwa sababu katika miaka ya 1980 watoto walialikwa kubuni mapambo ya kutisha ya mnara huo na mchoro wa Vader ukashika nafasi ya tatu. Kiko juu sana. Bila darubini hukioni. Na mwaka 2015 mjini Odessa, Ukraine ilipopitisha sheria ya kuondoa alama za ukomunisti, msanii Oleksandr Milov aliivalisha sanamu ya Lenin kofia na joho la Vader, akaweka kifaa cha Wi-Fi kichwani.

Je, wa kwako ana thamani?

Turudi kwenye boksi la vitu vya zamani. Mgeuze Vader wako utazame nyuma ya mguu. Ukikuta herufi G.M.F.G.I. na mwaka 1977, usishangilie bado. Herufi hizo ni za kitengo cha General Mills, na mwaka ni wa hakimiliki, si wa kutoka kiwandani. Vader mwenye alama hiyohiyo aliendelea kuuzwa hadi mwaka 1985. Wako wengi sana, na aliyechezewa bila joho wala upanga ana bei ya mlo wa mgahawani.

Kinachobadilisha bei ni upanga. Kwa Vader wa kawaida, upanga mwekundu unatoka kwenye mkono ukiwa kipande kimoja chenye ncha nyembamba. Kwa wale wa mwanzo kabisa, ncha ilikuwa kipande cha pekee kinachochomoka kutoka ndani ya upanga, hatua ya pili. Ulikuwa unavunjika na gharama yake ilikuwa juu, ukaachwa mapema. Luke, Vader na Obi-Wan, mwalimu wa Luke, ndio waliokuwa nao, na wa Luke ndio waliosalia wengi zaidi. Vader wa aina hiyo akiwa bado kwenye kadi yake ya dukani, bila kufunguliwa, ni wa maelfu mengi ya dola. Ndiyo maana panga za kugushi zimejaa sokoni. Wakusanyaji hutumia jaribio la maji, kwamba silaha ndogo za zamani huelea na nyingi za kugushi huzama, lakini wagushi wamelijua na wamebadili plastiki. Lisiwe ushahidi wako pekee.

Joho nalo litazame. La Vader ni la vinili. Likihifadhiwa limembana mwilini kwenye joto, mafuta ya vinili yanahamia kwenye plastiki na kuacha utando unaonata. Livue, lilaze peke yake kwenye karatasi isiyo na asidi, mbali na jua. Yule kibete Jawa wa mwanzo pia alikuwa na joho la vinili kabla halijabadilishwa kuwa la kitambaa, na la vinili ni adimu. Wadanganyifu huchukua joho la Obi-Wan na kulikata lifae. Rangi ya kahawia haifanani, na kingo zilizokatwa kwa mkasi hujionyesha ukitumia kioo cha kukuza.

Na Boba Fett wa nusu milioni? Wapo wanaoapa walikuwa naye utotoni, wakafyatua roketi ya mgongoni. Kumbukumbu inawadanganya. Kenner walitangaza mwanasesere huyo mwaka 1979, lakini mtoto alikuwa amekufa kwa kupaliwa na kombora dogo la kitu cha kuchezea cha kampuni nyingine, na Boba Fett aliyewafikia wanunuzi alikuwa na roketi iliyogandishwa. Inayofyatuka ilibaki kwenye sampuli za majaribio za kiwandani. Sampuli hizo ndizo zinazouzwa mnadani.

Kosa la upande wa pili ni la waliojifunza somo hilo kupita kiasi. Kenner walipofufua Star Wars mwaka 1995, watu wazima walinunua kwa makatoni na kuyahifadhi bila kuyafungua, wakingoja utajiri. Kwa kuwa kila mtu alihifadhi, hakuna kilichokuwa adimu, na wengi wa wanasesere hao leo hawauziki hata kwa bei yao ya awali.

Fulana ya mtumbani ni rahisi kuipima. Iliyotengenezwa kwa leseni huwa na mstari mdogo unaoitaja Lucasfilm Ltd., kwenye lebo au chini ya picha, na mstari huo umebaki hata baada ya Disney kuinunua kampuni hiyo mwaka 2012 kwa dola bilioni 4.05. Fulana za 1977 zinaweza kuitaja 20th Century Fox badala yake. Maneno ya Vader kwa Luke kwamba yeye ni baba yake, yakichapwa kwenye fulana yakianza kwa jina la Luke, hayako hivyo kwenye sinema; pale anaanza kwa kukanusha, "Hapana." Lakini kosa hilo peke yake halithibitishi kwamba fulana ni feki, kwani limezoeleka duniani kote. Ukiagiza kutoka nje, kumbuka ushuru unaweza kukokotolewa juu ya bei ya bidhaa pamoja na bima na usafirishaji. Kofia kubwa nyepesi hutozwa nauli kwa ukubwa wa boksi, kwa hiyo usafiri unaweza kuizidi bei yake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki anayetaka kipande kimoja cha zamani bila kufilisika, ningemwacha Vader nikamtafuta Nien Nunb. Ndiye rubani msaidizi wa chombo cha anga Millennium Falcon katika sinema ya 1983, mwenye mashavu yaliyoning'inia. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi Mkenya huko Marekani, na Kikuyu kimo katika maneno yake, kiasi kwamba watazamaji wa Kenya waliyaelewa bila tafsiri. Kenner walimtoa mwanzoni kwa posta, kwa watoto waliokata na kutuma vithibitisho vitano vya ununuzi, kisha akauzwa madukani. Aliye nje ya boksi bado anapatikana kwa bei nafuu. Tafuta alama ya L.F.L. 1983, yaani Lucasfilm Ltd., hakikisha viungo vya nyonga havijalegea, na umuulize muuzaji kama bastola yake ndogo ni ya asili au ya kuongezwa.